Malazi ya Watoto Kando ya Bahari ya Mombasa

Koplo mmoja wa jeshi la Uganda aliitazama Bahari ya Hindi mwaka mzima asitie mguu ndani yake. Ilikuwa Mogadishu, ambako vikosi vya Uganda vilitangulia kufika mwezi wa Machi 2007 katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, na ambako zamu baada ya zamu ya vijana wamelinda uwanja wa ndege na bandari huku mawimbi yakipiga upande wa pili wa magunia ya mchanga. Aliporejea nyumbani watoto wake watatu walimwuliza bahari ikoje. Akawaambia ni maji mengi. Jibu hilo halikuwatosha watoto, wala halikumtosha mama yao, na tangu siku hiyo safari ya Mombasa ikaanza kuwekewa akiba.

Akiba hiyo ilichukua miaka miwili katika chama cha akiba na mikopo. Fedha ya namna hiyo haipatikani mara mbili, na katika safari ya pwani malazi ndiyo humeza fungu kubwa kuliko nauli. Aghalabu watu wa bara huchagua hoteli kwa kutazama picha: mnazi, mchanga mweupe, bwawa la maji ya buluu. Picha haisemi kama maji ya bomba yana chumvi, wala kama ukuta wa chumba umepakana na ukumbi wa dansi.

Kabla ya hoteli kuna suala la majira. Pwani ya Kenya hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikatulia na jua likawa kali. Kusi hushika zamu yake kuanzia Aprili hivi, na mwanzo wake huandamana na masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote Mombasa, nao, kwa bahati mbaya, ndio mwezi wa likizo ya muhula wa kwanza kwa watoto wa shule wa Uganda. Bei za hoteli hushuka wakati huo, na mgeni hupokewa kwa mikono miwili. Lakini mtoto aliyefungiwa chumbani siku tatu kwa ajili ya mvua haijui habari ya bei. Desemba mambo hugeuka. Hali ya hewa ni njema, ila wakazi wa Nairobi huteremka pwani kwa wingi kwa ajili ya Krismasi, na vyumba huadimika. Koplo alichagua likizo ya mwishoni mwa Agosti, ambayo iko katikati: upepo una nguvu kidogo, lakini mvua ni chache na joto halichoshi.

Njia yenyewe ni ndefu. Basi huondoka Kampala, huvuka mpaka Busia au Malaba, na kufika Nairobi baada ya kilomita zipatazo 650. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za chanjo ya homa ya manjano visiachwe nyumbani. Kutoka Nairobi kuna reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo hukata nyika ya Tsavo, na watoto wa koplo walihesabu ndovu dirishani mpaka usingizi ukawashinda. Kituo cha mwisho, Miritini, kiko nje ya kisiwa cha Mombasa. Aendaye Nyali au Bamburi, upande wa kaskazini, hana budi kukipita kisiwa na Daraja la Nyali. Aendaye Diani, upande wa kusini, ambako ufuko ni mrefu na mweupe mno, huvuka kwa feri ya Likoni au hupita barabara mpya ya Dongo Kundu. Kwa familia yenye mizigo mitano na mtoto wa miaka mitatu, Bamburi ilionekana kuwa karibu zaidi.

Nyumba ya kwanza ilichaguliwa na koplo mwenyewe, kwa simu, akiwa kambini. Jina lake halina haja ya kutajwa. Ilitangazwa kuwa ni mwendo wa dakika tano hadi baharini, na dakika tano ndizo zilizokuwapo. Lakini katikati yake ilipita barabara kuu ya Malindi, yenye matatu na malori yasiyopunguza mwendo kwa ajili ya mtu. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, na vyuma vya roshani yake viliachana kiasi cha kichwa cha mtoto mdogo kupenya. Bwawa la kuogelea lilikuwa zuri kama katika picha. Ila kina chake kilianza na kifua cha mtu mzima, halikuwa na uzio, na mlango wa chumba cha kulia chakula ulifungukia ukingoni pake. Muziki ulianza saa tatu usiku ukakoma saa tisa.

Mama hakulalamika mbele ya watoto. Alikaa kitini karibu na mlango wa roshani, mdogo akiwa mapajani, mpaka muziki ulipokoma. Asubuhi akamwambia mumewe:

“Baba watoto, mimi nilikuja kupumzika, nimepewa lindo.”

Koplo ni mtu anayejua maana ya lindo. Alishuka mapokezi kudai fedha zake. Alikuwa amelipia siku nne mapema. Baada ya maneno mengi akarudishiwa za siku mbili. Hasara hiyo ingeepukwa kwa kulipa arbuni ya siku moja tu, kisha kulipa zilizobaki baada ya kukiona chumba kwa macho.

Mchana huo mama alitoka mwenyewe na binti yake mkubwa kutafuta mahali pengine. Walianza na hoteli kubwa zilizopangana ufukoni kutoka Nyali hadi Shanzu. Hoteli hizi zina sifa zake: mtoto huweza kupata bwawa lake lenye maji ya magotini, kuna mlinzi anayewatazama waogeleaji, na chakula huandaliwa mara tatu. Lakini nyingi hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, na vichwa vitano ni vingi. Hapo ndipo inapofaa kuuliza bila haya. Je, mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi hulipiwa kiasi gani? Umri wa utoto unaishia miaka mingapi? Na tena, hoteli nyingi za Kenya zina bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, iliyo chini ya ile ya wageni wa ng’ambo. Mganda mwenye kitambulisho chake aulizie bei hiyo, maana asiyeuliza mara nyingi hupewa ile kubwa.

Hata kwa bei hiyo hesabu ilikataa. Basi wakaingia vichochoro vya nyuma, zilipo nyumba za kupangisha kwa siku zenye jiko na vyombo. Ya tatu waliyoiona ilikuwa ya bibi mmoja wa makamo, mjane, aliyekaa barazani akichambua mchele. Mama alisalimu, akaomba kuona. Alifungua bomba akaonja maji, akatema: yalikuwa ya chumvi. Bibi hakuficha. Maji matamu ni taabu ya miaka mingi Mombasa. Huletwa kwa mabomba kutoka mbali, Mzima na Baricho, nayo hukatika, na ndipo visima vinapotumika kuoshea. Ya kunywa na kupikia alikuwa nayo kwenye tangi, yamefunikwa. Mama akatazama tangi. Akatazama wavu wa madirisha na vyandarua, kwa kuwa malaria iko pwani kama ilivyo nyumbani. Akauliza ni nani hulala langoni, na njia ya baharini hupita wapi. Ilipita kati ya kuta mbili hadi mchangani, bila kuvuka barabara yoyote.

“Mwanangu,” bibi alisema, “mbona huulizi bei?”

“Bei nitauliza mwisho, mama. Ningeanza nayo, nisingeona mengine.”

Walipatana. Vyumba viwili vya siku tatu vilikuwa chini ya gharama ya chumba kimoja cha hoteli kubwa, na mama alipika mwenyewe, jambo ambalo wengine watasema si likizo. Huenda. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayelilia uji saa kumi na moja alfajiri hangoji mpishi wa hoteli aamke.

Bibi yule ndiye aliyewafundisha habari za bahari, ambayo hakuna karatasi ya hoteli iliyokuwa imeieleza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi uwapo mpevu au mchanga huwa bamvua: maji hupwa mbali sana, kisha hujaa mpaka kupiga kuta. Yakipwa, nafasi iliyo kati ya mchanga na mwamba wa matumbawe hubaki vidimbwi vyenye samaki wadogo, na hapo watoto hucheza kwa raha, wakivaa viatu kwa sababu ya wale wanyama weusi wenye miiba. Hatari ni kuufuata mwamba. Mgeni hutembea mamia ya mita akitazama chini, maji yakirudi nyuma yake kwa kupitia mikondo, na akigeuka hukuta njia imefungwa. Kwa hiyo mwenye kuchagua malazi aulize pia saa za maji, na ni nani hapo anayezijua.

Siku ya kwanza koplo alikaa mchangani, mgongo ukutani, uso baharini, viatu miguuni. Wauza madafu na wenye ngamia walimpita wakamwacha. Watoto walimwita, akawapungia mkono. Siku ya pili, maji yakiwa yamepwa, yule mdogo alimjia na kaa aliyekufa akataka kujua jina lake. Koplo alimwambia. Akataka kuonyeshwa alikotoka. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia naye mpaka magotini, naye mama aliyekuwa akiosha sufuria barazani hakujua mpaka binti alipomkimbilia kumwambia.

Walifanya na mengine. Walikwenda Haller Park, pale Bamburi, ambapo machimbo ya saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 yakawa msitu wenye twiga na kobe wakubwa; ndipo kiboko mtoto, Owen, aliyepotezwa na mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe. Walizunguka Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, koplo akikagua mianya ya mizinga kwa makini kuliko mwongozaji alivyotaka. Walikula mahamri na mbaazi, na viazi karai vya pilipili vilivyomliza yule wa kati.

Huyo wa kati alijaza chupa maji ya bahari ili bibi yake kijijini aamini kuwa yana chumvi. Chupa ilisafiri chini ya kiti kutoka Miritini hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kampala, ikafika ikiwa na harufu. Bibi aliionja hivyo hivyo. Akatema, akaomba maji ya kunywa, kisha akauliza kama watu wa Mombasa hupikia hayo.