Wewe Unayeumwa na Viungo, Usiache Dawa



Leo naongea na wewe mama ambaye asubuhi vidole vinakataa kushika kikombe cha chai. Na wewe mzee unayeshuka ngazi za kanisa ukishikilia ukuta.

Wengi tunasema tu ni baridi, au ni mifupa. Lakini si ugonjwa mmoja. Kuna ule wa gegedu kulika: goti linauma ukitembea sana, ukipumzika linatulia. Huo unataka uzito upungue na misuli ya paja ipate nguvu. Kushinda kitandani kunauzidisha. Halafu kuna ule ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakaza hata saa nzima. Huo huwapata akina mama zaidi, hata wasichana. Usiungoje! Kiungo kikishapinda, dawa haikinyooshi. Mara nyingi daktari huanza na methotreksati, na hiyo humezwa mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Na kama una mimba au unapanga kupata, mwambie daktari kabla hujaianza.

Sasa nije kwa jambo linaloniumiza moyo. Wako waliombewa, wakatupa dawa, kwa sababu mtu aliwasomea habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu akawaendea waganga (2 Nyakati 16). Mpendwa, soma sura yote. Asa alikuwa amemwacha Mungu mapema, akamfunga gerezani nabii aliyemwonya. Shida haikuwa daktari. Hezekia naye alikuwa ameshaahidiwa kupona, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake (2 Wafalme 20). Ahadi ilikuwepo, na tini zikatumika.

Ukipokea uponyaji, haleluya! Nenda ukapimwe, daktari ndiye akupunguzie dawa.

Na hiyo diklofenaki unayonunua dukani kila wiki inatuliza maumivu tu, huku ikichosha tumbo na figo. Mwonyeshe daktari unachomeza.

Kesha la Ijumaa, usipige magoti kama yanauma. Viti vya mbele vyenye mgongo ni vyenu. Vijana, msivikalie.

Mbarikiwe.