Mihogo Ileile, Boksi Tofauti



Wapendwa wasomaji, kila likizo ndefu sisi mafrateri hupangiwa utume wa kichungaji katika parokia na vigango mbalimbali. Safari hii wanne wetu tulipelekwa Magoma. Kwa asiyepafahamu, Magoma ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika bonde la Mto Lwengera, njia ya kutoka Korogwe kwenda Mashewa. Ukisimama nje asubuhi, ukungu ukiinuka, upande mmoja unaiona milima ya Usambara Magharibi, ambako ndiko Lushoto iliko, na upande mwingine Usambara Mashariki, ya Amani. Bondeni kuna mkonge, mahindi na mpunga. Milimani ndiko zinakotoka karoti, kabichi na viazi vinavyopelekwa hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Kwa kifupi, hatukupelekwa mahali penye upungufu wa chakula kizuri.

Tulikabidhiwa watoto wa Utoto Mtakatifu, kila Jumamosi saa nne. Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Tuliona aibu. Tulikuwa tumeandaa nyimbo, michezo na picha za Injili, na watoto wenyewe hawakuwapo. Jioni ile mmoja wetu akatoa wazo, na sote tukalikubali bila hata kulijadili: tununue biskuti na juisi za pakiti. Tukachangishana. Jumamosi ya pili wakaja ishirini na sita, ya tatu wakapita arobaini. Katika taarifa yetu kwa Paroko tukaandika kwamba utume wa watoto unastawi. Tuliiandika sentensi hiyo kwa furaha, na leo tunaikumbuka kwa soni.

Jumamosi ya nne fedha zilikuwa zimekwisha. Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo, ambaye huuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, alisikia shida yetu akajitolea kuwapikia watoto. Alikuja na beseni limefunikwa kitambaa safi, mihogo bado ina moto, na kachumbari pembeni. Watoto wachache wakachukua. Wengi walitutazama mikononi, na mmoja akauliza kwa sauti: “Frateri, leo hakuna vya dukani?” Mama yule alitabasamu tu, akasema, “Watoto wa siku hizi hao.” Beseni lilirudi likiwa karibu nusu.

Usiku ule tulizungumza sana. Mmoja wetu alikumbuka utafiti tuliowahi kuusikia darasani katika somo la saikolojia. Mwaka 2007, Thomas Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto 63 wa umri wa miaka mitatu hadi mitano, wengi wao wa familia zenye kipato kidogo. Kila mtoto alionjeshwa jozi tano za vyakula na vinywaji: baga, vipande vya kuku, chipsi, karoti, na maziwa au juisi ya tufaha. Katika kila jozi vitu vyote viwili vilikuwa sawasawa kabisa, ila kimoja kilikuwa katika karatasi yenye nembo ya McDonald's, na kingine katika karatasi isiyo na nembo. Kwenye jozi nne kati ya tano, watoto walisema chenye nembo ni kitamu zaidi. Kwa chipsi, asilimia 77 walichagua zenye nembo, na asilimia 13 tu zisizo nayo. Lililotushangaza zaidi ni karoti. Karoti zile zilinunuliwa dukani tu, lakini asilimia 54 waliona zenye nembo ndizo tamu, dhidi ya asilimia 23. Watafiti waliona pia kwamba watoto wenye televisheni nyingi zaidi nyumbani ndio waliovutwa zaidi na nembo.

Tukasema: huko ni Marekani. Tanzania haina hata mgahawa mmoja wa McDonald's, na watoto wa Magoma wengi hawajawahi kuiona nembo hiyo. Kwetu haiwezi kuwa hivyo. Basi tukaamua kujaribu.

Mwenzetu mmoja alikuwa amepitia Dar es Salaam kwa dada yake, na katika begi lake alikuwa na maboksi mapya machache ya karatasi, mekundu, yenye picha ya jogoo, yaliyobaki kwenye sherehe ya mtoto. Jumamosi ya tano tukamwomba mama yule akaange tena. Hatukumweleza kwa nini. Tukawachukua wadogo peke yao, wale wa chekechea, wakiwa kumi na wanane. Kila mmoja tulimpa vipande viwili kutoka karai moja, kimoja tukakitoa kwenye boksi na kingine kwenye sahani nyeupe. Tukawauliza: kipi kitamu?

Kumi na watatu walisema cha boksini. Watatu walisema vyote sawa. Wawili walichagua cha sahani. Mmoja alituhakikishia kwamba mhogo wa boksini una kuku ndani yake.

Tulicheka. Halafu ikafika zamu ya mtoto wa miaka mitano, na hatukujua kwamba ni kitinda mimba wa mama mpishi. Alitafuna vyote viwili polepole, akanyooshea boksi kidole: “Hiki ndicho kitamu. Hicho kingine ni cha mama.”

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni ameshika beseni. Vyote viwili vilikuwa vyake. Aliinama, akaokota kitambaa chake, akaaga kwa heshima, akaondoka. Kicheko chetu kiliishia pale.

Jumapili baada ya Misa tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni.”

Tulimweleza kila kitu, kuanzia maboksi hadi utafiti wa Marekani, tukamwomba atusamehe kwa kumtumia bila kumwambia. Alisikiliza hadi mwisho, ndipo akasema: “Mtoto sikumkasirikia. Mtoto husema anachokiona. Nilijiuliza nyinyi mnatafuta nini kwake.”

Kisha akatueleza jambo ambalo tunadhani kila mzazi na kila frateri analihitaji. Mtoto wake siku hizi anakataa uji asubuhi. Anataka pakiti, yenye mrija na picha. Kila siku ni shilingi mia tano, na mama hana mia tano za kila siku. Ana kuku wanne wanaotaga. “Kwa hiyo nauza mayai,” alisema, “ili ninunue biskuti.” Hakulitamka kwa kulalamika. Alilitamka kama mtu anayesema mvua imechelewa. Lakini sisi tuliokuwa tumeketi pale tulijua ni nani waliowazoesha watoto wa kigango kile kwamba kitu kizuri hutoka ndani ya pakiti. Duka lilikuwepo kabla yetu, ni kweli. Ila duka halikuwahi kugawa biskuti baada ya Baba Yetu na Salamu Maria.

Tumelitafakari jambo hili kwa wiki nyingi sasa. Jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba mtoto hadanganyi. Anaposema cha boksini ni kitamu, anasema kweli kadiri anavyoonja. Ladha haimalizikii ulimini. Huja na rangi, na jina, na kumbukumbu ya siku ya furaha, na anayekupa. Nembo hushika vyote hivyo kwa pamoja: ukiiona, furaha inatangulia kabla ya chakula kufika kinywani. Mwaka 2004 jopo la wanasaikolojia wa Marekani lilieleza kwamba watoto wa chini ya miaka minane hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi. Wao hulipokea kama habari ya kweli. Mtu mzima akiona jogoo juu ya boksi anaona biashara. Mtoto wa miaka mitano anaona kuku.

Jambo la pili ni kwamba sisi watu wazima hatujapona ugonjwa huo. Majirani zetu wa Kenya wanaukumbuka mwezi Januari 2022, migahawa ya KFC ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ya nchi ilichelewa. Wakenya wengi walikasirika, kwa kuwa nchi yao inalima viazi kwa wingi. Walielezwa kwamba wauzaji wa viazi lazima kwanza wapitishwe katika utaratibu wa ubora wa kampuni. Chakula salama ni haki ya kila mlaji, hilo hatulibishi. Lakini tulijiuliza mkulima wa viazi wa Lushoto angeisikiaje habari hiyo: kwamba kiazi kilichopo shambani si kiazi hadi chapa iseme ni kiazi. Mtoto wetu alisema vilevile kuhusu mhogo wa mama yake.

Jambo la tatu tulilikuta katika Maandiko Matakatifu. Mnaikumbuka sura ya kwanza ya Kitabu cha Nabii Danieli. Vijana wanne wanapelekwa Babeli, wanabadilishwa majina, wanapangiwa chakula cha meza ya mfalme. Danieli anaomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Zamani tuliisoma sura hii kama habari ya mfungo. Magoma tuliisoma kama habari ya meza: anayekulisha kila siku anakufundisha pia wewe ni wa nani. Mfalme alilijua hilo. Wenye chapa wanalijua. Na Mama Kanisa analijua kuliko wote, maana kiini cha maisha yetu ni meza, na mkate uliowekwa juu yake hauna pambo lolote kwa nje.

Hapo ndipo dhamiri ilipotuchoma. Tulikuwa tumelifungia jina la Yesu ndani ya pakiti ya biskuti. Watoto arobaini walikuja, lakini tulipoishiwa pakiti tuligundua walikuwa wamejifunza kuonja kitu gani.

Msituelewe vibaya. Hatusemi mtoto asipewe pipi siku ya Noeli, wala hatumlaumu mama anayenunua juisi ili mtoto asilie. Mzigo huu haupaswi kubebwa na mama peke yake. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mapendekezo kuhusu jinsi vyakula na vinywaji vinavyotangazwa kwa watoto. Chile ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2016 sheria yake inataka vyakula vilivyozidi sukari, chumvi au mafuta viwekwe alama nyeusi mbele ya pakiti, na vikaragosi vya kuvutia watoto viondolewe juu yake. Serikali zina sehemu yake. Sisi pia tuna sehemu yetu, na yetu huanzia kwenye kigango.

Hivi ndivyo tulivyofanya wiki zilizobaki. Tuliacha biskuti. Tuliwaomba watoto, kila anayeweza, aje na kitu kidogo kutoka nyumbani: chungwa, kipande cha muhogo, kiganja cha karanga, gunzi la mahindi. Vyote vikawekwa kwenye meza moja. Kabla ya sala ya chakula, kila mtoto alisema amekileta nini na nani amekilima au amekipika. “Machungwa ya babu.” “Karanga za shangazi.” Mtu anaweza kusema kwamba hiyo nayo ni nembo. Tunakubali. Mtoto anahitaji jina la kukipenda chakula. Tofauti ni kwamba jina la babu ni la kweli, na babu yupo, na mtoto anaweza kwenda kumshukuru.

Idadi ilishuka. Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na tisa, ya mwisho ishirini na watatu. Tulikwenda kwa Paroko tukarekebisha taarifa yetu. Alitusikiliza, akatuambia kwamba taarifa ya pili ameipenda kuliko ya kwanza.

Na yule kitinda mimba? Jumamosi ya mwisho alikuja na mihogo kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko. Ilipofika zamu yake alisimama akasema, “Mihogo ya mama,” akaketi. Kisha akatunong'oneza kama yale maboksi bado yapo. Tukamwambia hayapo. Akafikiri kidogo, akala. Hatudai kwamba amebadilika. Wanaolea watoto wanasema chakula kipya huhitaji kuonjwa mara nane, mara kumi, au zaidi, kabla mtoto hajakizoea. Tunadhani mhogo wa mama nao, ukishapokonywa ladha yake, utahitaji muda kama huo kuirudisha.

Wapendwa waamini, msimu wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara unakuja, na kreti za soda zitapangwa kumbini. Tunaomba kitu kimoja tu. Siku hiyo mezani awepo pia mama wa mihogo na beseni lake, na mtu mmoja mzima amtaje kwa jina mbele ya watoto.