Simu Mezani, Kati ya Maringo na Birmingham

Nilikulia Maringo, Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, na Jumapili zetu zilikuwa za kanisa la Marafiki (Quakers), Ofafa: kwaya ya akina mama, ngoma, kayamba, mahubiri, matangazo marefu. Mwenye shida aliombewa kwa sauti, na kila aliyekuwa karibu akapaza yake. Sikujua kama wako Marafiki wanaoabudu bila kusema neno.

Niliwakuta huku Birmingham, Uingereza. Viti hupangwa duara, meza katikati, hakuna mchungaji wala wimbo. Watu huketi saa nzima. Anayesukumwa na Roho husimama, husema kidogo, huketi. Mwishoni watu hupeana mikono, ibada imekwisha.

Ibada hii ndiyo ya asili, tangu siku za George Fox katika karne ya 17. Wamisionari watatu waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 walitoka Marekani, ambako uamsho wa karne ya 19 ulikuwa umeingiza nyimbo na wachungaji katika makusanyiko mengi ya Marafiki. Walitupa walichokuwa nacho, tukakikuza hadi leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ila wengi wetu tulipokea jina, kimya kikabaki ng'ambo. Kwangu hiyo ni hasara.

Lakini kimya nacho kilinishinda. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, mpwa wangu alikuwa mjini, na simu yake haikupatikana tena. Kesho yake, Jumatano jioni, nikaketi chumbani peke yangu, nikijaribu kutulia kama nilivyojifunza huku. Kila nilipofumba macho niliona picha za siku ile. Ukiwa peke yako na hofu, kimya huipa hofu kipaza sauti. Wenyeji wangu walinieleza baadaye kwamba ndiyo maana wao huketi pamoja.

Nikampigia Mama. Nyumba ilikuwa imejaa. Senje, shangazi yangu, alikuwepo, majirani walikuwepo, wote wakiomba kwa wakati mmoja, kila mtu na maneno yake, na jina la kijana likipita mdomo hadi mdomo. Kifua kikaanza kulegea.

Sauti zilipopungua Mama akauliza, "Mwanangu, bado uko?"

"Niko, Mama. Naomba, lakini sina maneno."

"Basi tukae hivyo hivyo."

Akamtuliza Senje. Kwa dakika kama kumi nilisikia honi za matatu, mtu akikohoa, maji yakimiminwa kwenye ndoo. Hakuna aliyekata simu.

Alhamisi alfajiri mpwa wangu akapiga, mzima. Tangu hapo, kila Jumatano saa mbili usiku kwa saa za Nairobi, Mama huweka simu mezani, huniita jina nijue imeshika, kisha tunanyamaza.