Kimya cha Mashine

Desturi yetu ni kupiga hodi mara tatu. Ukiitikiwa, unaingia. Ukiambiwa kwamba mwenyeji hawezi kukupokea, unarudi ukiwa umejua la kujua. Taabu ni pale pasipo na jibu lolote. Hapo huwezi kujua kama mwenyeji yuko shambani, amelala, ni mgonjwa, au amekusikia na hataki kuitika. Na binadamu tulivyo, ni wepesi sana wa kulichagua hili la mwisho.

Kompyuta inayopokea barua pepe nayo hupiga hodi, na hukutana na majibu kama hayo. Nimeyafikiri mambo haya kwa muda mrefu, maana kuna rafiki ambaye nusura nimpoteze kwa ajili yake.

Rafiki huyo nilisoma naye chuo cha ualimu. Sasa anaishi Muscat kwa binti yake. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu haitufai, na tangu 2006 tunaandikiana kila Ijumaa. Mimi natumia programu ya Thunderbird ndani ya kompyuta kongwe ya mezani, na mtandao naupata kwa modemu ndogo yenye laini ya simu. Wajukuu wananicheka. Wao husoma kila kitu kwenye simu zao za mkononi. Lakini barua zangu zimeshuka zikakaa kwangu, kama majalada kabatini. Ukungu ukishuka Lushoto, umeme ukakatika na mnara ukanyamaza, nangoja umeme urudi, kisha nazisoma zote hata kama mtandao haujarudi.

Katika barua yake ya mwisho kabla ya mkasa huu alinieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba atafanyiwa upasuaji wa tezi. La pili, kwamba anakusudia kuuza shamba la baba yake kule Mlalo. Nilimjibu waziwazi kwamba asiuze, na mpaka leo nasema asiuze. Baada ya hapo, kimya. Ijumaa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilipojaribu simu ya binti yake iliita bila kupokewa. Usiku nilikuwa nalala na maswali mawili: je, amekasirika, au amekufa?

Wakati huohuo kompyuta ilikuwa ikiniandikia kila siku maneno yaleyale, kwamba imeshindwa kuunganika na seva kwa usalama. Kijana mmoja jirani, mwenye moyo mwema, alinishauri niachane nayo. “Shikamoo Mzee,” alisema, “akaunti hiyo imeshakufa. Nikufungulie nyingine kwenye simu.” Nilimshukuru nikakataa. Nimesahihisha hesabu za watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na jibu likikosewa sikuwahi kumwambia mtoto achome daftari. Unafuata hatua moja baada ya nyingine mpaka ufike mstari ambapo mambo yalipotoka.

Basi tukafuata. Hatua ya kwanza ni njia yenyewe: je, mtandao unapita? Hili si swali la kudharau. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na nchi nzima ikahangaika. Siku zile programu ilikuwa ikisema muda wa kungoja umekwisha, yaani imepiga hodi na hakuna aliyeitika. Ni sawa na mvua inapoporomosha udongo kwenye barabara ya kutoka Mombo. Basi lisipofika Lushoto, hakuna mtu anayesema kwamba watu wa Tanga wamekufa. Safari hii, hata hivyo, njia ilikuwa nzima. Gazeti moja la mtandaoni ambalo kurasa zake hufunguka bila ukaguzi mwingi lilifunguka vizuri.

Hatua ya pili ni jina. Seva ina jina tunalolisoma sisi na namba inayoijua mtandao. Jina lisipogeuzwa kuwa namba, kompyuta husema haikuiona seva kabisa. Haikusema hivyo.

Hatua ya tatu ni mlango. Seva ina milango yenye namba. Barua zinazoingia kwa usalama hupitia 993 ikiwa unaziacha kwenye seva, au 995 ikiwa unazishusha kwako kama mimi. Zinazotoka hupitia 465 au 587. Mlango wa zamani wa kutuma, namba 25, makampuni mengi ya mtandao yameufungia wateja wa kawaida kwa sababu ya watuma takataka. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea barua vizuri na kushindwa kutuma, akadhani kompyuta imerogwa. Namba zangu zilikuwa sahihi, na mlango uliitika. Mlango ukiitika, hata kwa kukukatalia, ni habari njema, kwa kuwa umejua njia inafika.

Tulibakiwa na cheti na neno la siri. Kijana alitaka tuanze na neno la siri, na hakuwa amekosea kuliwaza, kwani tangu 2022 baadhi ya watoa huduma wakubwa wamekataa neno la siri la kawaida kutoka programu za namna hii. Lakini neno la siri huulizwa baada ya seva kuonyesha cheti chake na cheti kukubaliwa. Sisi tulikuwa hatujafika huko. Hata tungefungua akaunti mpya kumi kwenye kompyuta ile, zote zingekwama palepale.

Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Nikaikumbuka barua niliyoiandika asubuhi ile nikaihifadhi bila kuituma. Nilikuwa nimeitafuta juu ya orodha sikuiona, nikaikuta imejipanga katikati ya barua za 2009. Tukatazama saa pembeni mwa kioo: mwezi Januari 2009! Ndani ya kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, inayoshikilia saa wakati umeme haupo. Yangu ilikuwa imekwisha, na umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, kompyuta iliamka ikidhani ni miaka ile. Ikaonyeshwa cheti kilichoanza kutumika miaka mingi mbele yake, ikakikataa. Kwa saa iliyokuwa nayo, ilikuwa na haki.

Tulirekebisha tarehe kwa mkono. Fundi aliye karibu na stendi aliniuzia betri mpya kwa bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Mombo.

Barua zilishuka kumi na moja. Tano zilikuwa za rafiki yangu. Barua zangu mimi zilikuwa zimekwama kwenye sanduku la kutoka, kwa hiyo huko Muscat mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza. Katika ile ya nne alikuwa ameandika kutoka hospitali, mstari mmoja tu, akiuliza kama nimechukia kiasi cha kutomwombea. Ya tano iliandikwa na binti yake kwa niaba yake: upasuaji umekwenda vizuri, baba anakula, anauliza habari zangu kila asubuhi.

Nilimjibu usiku uleule, nikamweleza habari za betri kwa kirefu. Ijumaa iliyofuata alinijibu kwamba amecheka hadi mshono ukamuuma. Kuhusu shamba la Mlalo bado hajaniambia neno.