Mkanda wa Siku 36

Ranchhod Oza alipofungua studio yake Unguja mwaka 1930, picha ilikuwa kitu cha kungojwa. Kijana mmoja wa Mwenge aliweka nadhiri ya kungoja vivyo hivyo: mkanda wa picha 36, kila siku picha moja, miongoni mwa wachonga vinyago. Mkanda haufutiki, nao mpingo, tezo ikishaumega, hauungiki.

Mzee mmoja wa Kimakonde alimwambia kila asubuhi, “Mjukuu wangu, ngoja kinyago kikamilike.” Siku ya 36 kilikuwa kimekamilika, ila mzee alikuwa amerudishwa Newala, mgonjwa. Kijana akakipiga picha kinyago juu ya kigoda cha mwenyewe.

Mkanda uliposafishwa, nadhiri ilikuwa imetimia, lakini moyo haukutulia. Picha ya mwisho aliifunga kwa kitambaa, akaipakia basi la Newala.