Mume, Mke na Nyuzi 125

Kuna wanandoa wanaogombea rimoti. Sisi tunagombea oili iliyopoa.

Subirini nieleze kabla hamjacheka. Mimi na shemeji yenu tunaishi Dubai, wote ni waajiriwa, na tuna Toyota GT86 tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Viti vinne kwa jina tu, maana vile vya nyuma labda uweke mkoba. Ni gari la starehe, na starehe yenyewe ni kulipeleka Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa mwaka 2004. Zipo siku ambazo mtu wa kawaida analipia, anavaa helmeti na kuachiwa lami ya kilomita 5.39 isiyo na tochi, matuta wala bodaboda. Si mashindano, hakuna kombe. Unakimbiza gari lako mwenyewe, halafu Jumatatu unaenda nalo kazini.

Hapo kwenye "unaenda nalo kazini" ndipo penye shughuli. Injini ikifa leo, kesho tunapanda metro huku mkopo wa gari bado unakatwa kwenye mshahara.

Na injini haifi kwa kelele kama watu wanavyodhani. Madereva wengi tunaangalia mshale wa joto la maji, tukiona umetulia katikati tunasema mambo safi. Maji yana rejeta, yana feni, yana themostati, kwa hiyo hukaa karibu na nyuzi 90 hata ukilikimbiza gari. Oili, kwenye magari mengi, haina ulinzi wa namna hiyo. Inapita kwenye beringi, inapanda kwenye pistoni, inabeba joto ambalo maji hayalifikii, kisha inarudi kwenye sampu kupumua kidogo tu. Kwenye barabara kuu haina neno. Uwanjani, injini ikilia juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika kona baada ya kona, oili inapanda taratibu huku mshale wa maji umekaa pale pale, kimya, kama hakuna kitu. Ndugu zangu mnaopandisha Kitonga na gari lililojaa, gia ndogo, nyuma ya lori, na nyie someni hapa vizuri.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichofunga ni geji ya oili. Fundi wetu alitupa namba, tukazibandika kwenye dashibodi. Chini ya nyuzi 80, hakuna kukanyaga, maana oili bado nzito na injini haijawa tayari. Kati ya 90 na 115, kula raha. Ikifika 120 taa inawaka, unaanza kupunguza. Ikifika 125 unatoka, hakuna mjadala. Wapo wenye oili nzuri za mbio wanaoenda juu ya hapo na injini zao zinadunda. Sisi hatuna injini ya akiba.

Sababu yenyewe ni rahisi. Oili ikichemka sana inakuwa nyepesi kama maji ya kunawa, na ule utando mwembamba unaotenganisha chuma na chuma unakatika. Isitoshe, inazeeka haraka. Kitabu cha gari letu kinataja 0W-20, na hiyo namba ya pili inahusu uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100. Kwa siku za uwanjani tukahamia 5W-30, na kila tukitoka huko mara mbili tunamwaga tunaweka mpya, hata kama kilomita hazijafika.

Sasa kasheshe. Gari ni moja, madereva ni wawili.

Anayeanza asubuhi anapata oili baridi. Mwezi wa pili, hewa ikiwa nyuzi 20 na kitu, mimi napiga mizunguko mitano mizuri kabla taa haijawaka. Narudi, namkabidhi shemeji yenu usukani, naye anaingia na oili iliyobaki 118. Mizunguko miwili tu, huyo anarudi kanuna.

"Mke wangu, umenichomea oili."

"Baba, nimetoka kabla ya 125. Makubaliano ni makubaliano."

"Makubaliano gani wewe unakula wali, mimi naachiwa ukoko?"

Nilicheka, ila nilijua ana hoja. Kiingilio tunalipa nusu kwa nusu. Na mwanaume akikaa kimya kutoka uwanjani mpaka nyumbani, hata chakula cha jioni hakinogi.

Tukajaribu kusubiri. Kumbe gari likisimama, upepo haupiti, na ule mzigo wa chuma chote kilichopata moto unaendelea kuipasha oili. Nusu saa boneti iko wazi na bado hairidhishi. Kinachosaidia zaidi ni mzunguko wa mwisho kuupiga kistaarabu: gia kubwa, injini chini, breki kidogo. Gari linajipoza lenyewe kwa upepo. Ukishaegesha usivute hendibreki, breki zina moto, acha kwenye gia. Na wenzetu wenye turbo, msizime injini papo hapo, iacheni ingurume dakika moja au mbili, la sivyo oili iliyokwama kwenye turbo inaungua na kuwa masizi.

Lakini huo mzunguko wa kistaarabu nao unakula muda, na muda ndio tulioulipia. Dawa ilikuwa moja: rejeta ndogo ya oili, inayokaa mbele, pamoja na themostati yake ili oili isipoe kupita kiasi siku za kwenda ofisini. Maana oili isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu, nayo ni hasara nyingine. Pesa ya kununua ilikuwepo. Ilikuwa imetengwa kwa ajili ya bangili zangu za dhahabu kutoka Deira, zawadi ya miaka mitano ya ndoa.

Mume wangu hakuthubutu kuliomba hilo. Nililisema mimi, na nililala nalo wiki nzima kabla ya kulisema. Wadogo zangu Dar mpaka leo wananiita Bi Rejeta. Bangili bado nazitaka, naomba ieleweke.

Tangu imefungwa, kwa asubuhi kama ile ile, geji inazunguka kwenye 110. Anapata mizunguko yake mitano, napata yangu. Mchana wa joto bado taa inawaka, rejeta si muujiza, na mwezi wa sita hatuendi kabisa. Zamu ya kuanza tumeiandika kwenye kalenda ya friji kwa kalamu nyekundu. Mwezi ujao ni yangu, na tayari ameshaniuliza kama sina kikao siku hiyo.