Tusome Hata Ukurasa wa Mwisho

Kijana mmoja tuliyemfundisha kusoma hapa Kailo alitujia jioni moja, karatasi kumi na moja mkononi na furaha tele usoni. Amesomea urubani ng'ambo. Ukoo mzima ulichanga fedha: huyu aliuza mbuzi, yule aliuza shamba la michikichi, naye mama yake alikopa. Sasa wakala mmoja wa kuajiri marubani, akaaye nchi ya mbali, alikuwa amemletea mkataba.

"Mwalimu," alisema, "nimepata kazi. Naomba uwe shahidi tu, nitie saini kesho."

Tukamjibu: "Mwanangu, keti kwanza. Tusome."

Kurasa za mbele zilikuwa tamu: mshahara, ndege mpya, mji mzuri. Uchungu ulianza ukurasa wa nne. Kampuni ya ndege ilitajwa kwa jina, lakini haikuwa mwajiri; wala wakala naye hakukubali kuwa mwajiri. Kijana aliandikwa kuwa mtu anayejiajiri mwenyewe. Basi, akiugua, nani atamlipa? Akidhulumiwa, atamdai nani?

Tena, atalipwa kwa saa za kuwa angani tu, na hakuahidiwa hata saa moja. Ndege isiporuka, hana kitu. Mafunzo ya kuendesha aina ile ya ndege atayalipa mwenyewe, kwa mkopo utakaokatwa katika mapato yake. Akiondoka kabla ya miaka mitatu, atalipa deni lote kwa mara moja. Lakini wakala aliweza kumwachisha kwa notisi ya siku kumi na nne, na hata hapo deni lilibaki shingoni mwa kijana. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama ya nchi ya wakala. Mtoto wa Kailo atapata wapi nauli ya kwenda kushtaki huko?

Kijana alinyamaza, kisha akasema: "Lakini, Mwalimu, wenzangu wengi wanatia saini."

Hakusema uongo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilitangaza uchunguzi uliowauliza marubani zaidi ya 6,600 wa Ulaya. Ilionekana kwamba zaidi ya mmoja katika kila sita hakuajiriwa moja kwa moja na kampuni ya ndege kwa mkataba wa kawaida. Ikiwa hivyo kwa wenye vyama vya kuwatetea, sembuse mgeni mwenye madeni?

Nasi Wakongo jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, kuyatafutia watu makampuni ya Katanga. Mawakala walipita vijijini, na vijana wakapelekwa mbali kwa karatasi wasizoweza kuzisoma. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mikataba ya kazi ilimtishia kifungo mfanyakazi aliyeuvunja mkataba wake. Wazee wetu walibonyeza kidole gumba kwa kuwa hawakujua kusoma. Sisi tumesoma, tutajitetea kwa neno gani?

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 yaweka mipaka mizuri: mkataba wa muda maalumu, kwa mfano, usipite miaka miwili. Lakini sheria hiyo hulinda kazi inayofanyika nchini Kongo. Anayekwenda ng'ambo hana budi kuuliza mwenyewe, kabla ya kutia saini: Mwajiri wangu ni nani, kwa jina? Nitapata kiasi gani mwezi usio na kazi? Nikiachishwa bila kosa, je, deni linafutwa? Nitashtaki wapi? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, maana maneno ya simu hupeperuka.

Kijana aliandika maswali hayo manne. Siku ya pili wakala akajibu kwa mstari mmoja: tia saini kesho, au nafasi apewe mwingine. Hakutia saini.

Hatusemi kwamba mambo yamekwisha vema. Mama yake alilia, na ndugu wengine walitulaumu waziwazi. Rubani asiporuka, leseni yake huchakaa kama jembe lililoachwa mvuani, nalo deni la ukoo lingalipo. Leo kijana anapima mizigo katika kiwanja cha ndege cha Kindu, na usiku anaandika barua za kuomba kazi. Usiku mwingine sisi pia hukosa usingizi kwa ajili yake.

Juzi alitujia tena na mkataba mwingine, kurasa sita. Safari hii alikuwa ameanza kuusoma kutoka mwisho.